Nani Mpiga Kura wa Ukanda wa Dhahabu?

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane ya ubunge, na nusu yake yakaangukia upande mmoja wa nchi: Katoro na Chato Kusini mkoani Geita, Itwangi mkoani Shinyanga, na Bariadi Mjini mkoani Simiyu, eneo lililokuwa sehemu ya Shinyanga hadi 2012. Manne yaliyobaki yaligawanywa kati ya Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya. Aliyekuwa amesoma matokeo ya sensa hakushangaa. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika 2,977,608, ongezeko la asilimia 71 ndani ya miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Shinyanga nayo ilipanda kutoka 1,534,808 hadi 2,241,299.

Watu hawa ni akina nani? Kila msimu wa uchaguzi swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini, kwenye vikao vya kura za maoni na kwenye vijiwe vya bodaboda. Wasukuma hapa ni wangapi? Waha wa Runzewe wanaelekea wapi? Wazinza, ambao ardhi hii ilikuwa yao kabla ya wengine kufika, wamebaki wangapi? Majibu yanayotolewa ni ya kukisia, kwa sababu takwimu yenyewe haipo, na haipo kwa makusudi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila na dini yake. Zilizofuata, kuanzia ya 1978 hadi ya 2022, ziliacha maswali hayo nje. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 lilikuwa na majina zaidi ya milioni 37.6, linajua jina la mtu, umri wake, makazi yake, sura yake na alama za vidole vyake. Kabila lake halilijui. Inashangaza kidogo kwamba mtu yuleyule akifika kituo cha polisi kuandika maelezo, kabila ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Marekani huchapisha idadi ya raia wenye umri wa kupiga kura jimbo kwa jimbo na rangi kwa rangi, na tangu Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 takwimu hizo zimekuwa silaha mahakamani kila mipaka ya majimbo inapochorwa upya. Kenya huchapisha makabila baada ya sensa, na wanasiasa wake hukokotoa miungano yao juu ya jedwali hilo. Tanzania iliamua kutohesabu. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa makubwa, na ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga ni mahali pazuri pa kuyaona. Lakini ni hapohapo panapoonekana pia jambo ambalo ukimya wa takwimu unalificha. Kwa wapiga kura wa Geita na Shinyanga, kabila linaeleza kidogo sana kuhusu chama gani watakipa kura. Linaeleza zaidi nani atakubaliwa kuingia kwenye daftari bila kusumbuliwa, na nani ataulizwa baba yake alizaliwa wapi.

Wakati wa kuhesabu wapiga kura kwa rangi uliwahi kuwapo, na ulipita hapahapa. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kahama, iliyokuwa ndani ya Jimbo la Magharibi, ilikuwa katika awamu ya kwanza. Shinyanga na Geita, zilizokuwa ndani ya Jimbo la Ziwa, zilikuwa katika ya pili. Utaratibu ule ulijulikana kama kura tatu. Kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asiyejaza nafasi zote tatu kura yake ilikufa. Viti 30 viligawanywa kumi kumi kwa kila rangi, katika nchi iliyokuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia na Waarabu karibu laki moja kwa pamoja, na Wazungu kama 20,000. Haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo, hata walioandikishwa nchi nzima wakawa takriban elfu 60. Mkulima wa pamba wa Kwimba aliyelipa kodi miaka yote alikuwa nje. Karani aliyemwandikia risiti alikuwa ndani.

TANU ilikaribia kupasuka kwa ajili ya jambo hilo. Mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, ulibishana vikali kama chama kisusie au kishiriki. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na historia ikaupa uamuzi ule jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka na kuunda African National Congress. Waliobaki walitumia masharti ya mkoloni kumshinda mkoloni: kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwasia na Mzungu, TANU iliwapa wapiga kura wake Waasia na Wazungu wa kuwachagua, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda karibu kila mahali. Upande wa Ziwa aliyeingia barazani ni Paul Bomani, kijana aliyekuwa ameshajenga jina kwa kuwaunganisha wakulima wa pamba katika vyama vya ushirika.

Huko Geita mambo hayakwenda kwa utulivu huo. Serikali ilikuwa imeizuia TANU kufanya kazi Usukumani tangu 1954, na katikati ya ukimya huo wa kulazimishwa ikaamua kuunda baraza la wilaya la rangi mchanganyiko. Kwenye karatasi lilionekana jambo la kistaarabu: watemi, wajumbe Waafrika, Waasia na Wazungu wakikaa meza moja. Wananchi waliona kitu kingine. Wilaya yenye Wazungu wa kuhesabika na Waasia wachache wa madukani na wa pamba ilikuwa inagawiwa viti kwa rangi, na watemi wao walitakiwa kuweka sahihi bila kuwauliza. Mwaka 1958 upinzani ukalipuka. Watu walikataa kutii amri za watemi, kisha umati mkubwa ukavuka hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu, na mwaka huohuo serikali ikalegeza marufuku ya TANU.

Mgogoro wa Geita hupewa mistari michache tu katika vitabu vya shule, na hiyo ni hasara. Waliokataa hawakudai baraza la Wasukuma watupu, wala hawakuwafukuza wenye maduka. Walikataa kanuni ya kwamba rangi ya mtu ndiyo ipime uzito wa kiti chake. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1961, bunge lilipojadili nani awe raia wa Tanganyika huru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliipinga hoja hiyo kwa ukali ambao haukuwa kawaida yake, na sheria ikapita bila kipimo cha rangi. Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na uchaguzi wa Agosti 1960, ambapo walioandikishwa walikuwa karibu laki 9 lakini viti 21 kati ya 71 vilikuwa bado vimetengewa Waasia na Wazungu. Baada ya hapo rangi ikatoka kabisa kwenye sheria ya uchaguzi.

Hadithi ya kabila ni ndefu kuliko hiyo, na Geita yenyewe ni ushahidi. Leo watu huiita Usukumani bila kufikiri mara mbili. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya eneo lililo magharibi ya Ghuba ya Mwanza ilikuwa nchi ya watemi wa Kizinza, yenye watu wachache na mapori ya mbung'o. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Kwimba, Maswa na Shinyanga zilikuwa zimebanana kwa watu na ng'ombe, ardhi imechoka. Geita ilikuwa na mapori ya kufyeka. Familia zikahama na majembe yao na mifugo yao, mwaka baada ya mwaka, pamba ikasonga mbele, mbung'o wakarudi nyuma. Wazinza wakajikuta wachache nyumbani kwao ndani ya kizazi kimoja. Vivyo hivyo upande wa kusini, Wasumbwa wa Bukombe, Mbogwe na Kahama walipokea wimbi baada ya wimbi, na wengi wao leo wanazungumza Kisukuma sokoni na Kisumbwa jikoni.

Sensa ya 1957 iliwahesabu Wasukuma zaidi ya milioni moja, kama mmoja kati ya kila Waafrika wanane wa Tanganyika. Ndilo kabila kubwa kuliko yote nchini, na kila asilimia inayotajwa leo juu yao ni makadirio tu. Lakini tangu wakati ule hawakukaa mahali pamoja. Wamefuata malisho hadi Katavi, Rukwa, bonde la Usangu, Morogoro na Lindi. Kwa hiyo anayetafuta kura za Wasukuma kwenye ramani atazikuta zimetapakaa katika majimbo ambako wao ndio wageni, wakiandikishwa kwa wasiwasi na wenyeji wanaowaona kama wavamizi wa mashamba. Kabila linaloonekana kuwa wengi Geita linalia kilio cha wachache Kilosa.

Kisha kuna madini, yaliyochanganya zaidi kile ambacho pamba ilikuwa imeshaanza kukichanganya. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, ilijenga karibu na Shinyanga mji mzima wa watu waliokuja kwa kazi kutoka kila pembe. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata 2001, Buzwagi 2009. Pembeni ya migodi hiyo, na mara nyingi kabla yake, walikuwapo wachimbaji wadogo: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Nyakagwe. Bulyanhulu wachimbaji hao waliondolewa kwa amri ya serikali Agosti 1996, wakatawanyika kwenye machimbo mengine wakiwa na majembe na madeni yao.

Ili kumwelewa mpiga kura wa ukanda huu inafaa kuangalia kwa karibu rashi, yaani mkimbilio wa wachimbaji kwenye dhahabu mpya. Habari ikishasambaa kwamba mawe yameonekana mahali, ndani ya wiki chache shamba la mihogo linageuka kijiji cha maturubai. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anatafuta wachimbaji, mwenye karasha anashusha mashine yake ya kusaga mawe, wanaochenjua wanachimba mialo karibu na maji, mama ntilie wanawasha moto kabla jua halijachomoza. Kundi moja la duara linaweza kuwa na Msukuma wa Misungwi, Muha wa Kasulu, Mkurya wa Tarime na Mnyiramba wa Iramba, na wanagawana mifuko ya mawe kwa makubaliano yaliyofanywa mdomoni pembeni ya shimo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, kimejaa maneno ya kazi ambayo mtu wa Tanga angehitaji kufafanuliwa. Watafiti Deborah Fahy Bryceson na Jesper Bosse Jønsson, waliofuatilia maisha ya wachimbaji wa Tanzania, walionyesha jinsi watu hawa wanavyohama chimbo hadi chimbo wakijenga maisha ya kazi yenye ngazi zake. Dhahabu ikififia, kijiji kinahama. Ikidumu, kinageuka kuwa mji, na Katoro ni mfano ulioishia kupewa jimbo.

Je, watu wa namna hii hupiga kura kwa kabila?

Anayetaka kusema ndiyo anazo hoja zake. Tangu vyama vingi virudi, chama kilichokaribia zaidi kuwa cha Wasukuma ni UDP cha John Cheyo. Mwaka 1995 Cheyo aligombea urais akapata karibu asilimia 4 ya kura za nchi nzima, na majimbo ambayo chama chake kilishinda yalikuwa matatu tu, katika Shinyanga ya wakati ule. Hoja ya pili ni 2015. CCM ilimsimamisha John Magufuli, mtoto wa Chato, aliyejua kuichangamsha hadhara kwa Kisukuma, na viti ambavyo CHADEMA ilikuwa imevitwaa 2010 katika eneo hili vikarudi CCM kimoja baada ya kingine: Bukombe, Maswa Mashariki, Maswa Magharibi, Meatu, na kule Mwanza Nyamagana na Ilemela. Baada ya kifo chake Machi 2021, msemo wa genge la Wasukuma ulizagaa katika siasa za Dar es Salaam na Dodoma, kana kwamba mamilioni ya watu waliwahi kukaa kikao kimoja.

Hoja hizo zikipimwa, zinapungua uzito. UDP haikuvuka kamwe nje ya mfuko wake wa Bariadi na majirani zake. Wasukuma wengi zaidi waliipigia CCM katika uchaguzi uleule. Viti vya 2010 vinasema jambo hilo kwa nguvu zaidi. Mwaka ule Bukombe ilimpa ubunge Profesa Kulikoyela Kahigi wa CHADEMA, Maswa na Meatu zikaelekea upinzani, na Nyamagana, katikati kabisa ya Mwanza, ikamchagua Ezekiah Wenje, mtu wa Rorya mkoani Mara, dhidi ya waziri aliyekuwa madarakani, Lawrence Masha. Kama kabila lingekuwa ndilo linaloongoza, Wenje asingefika hata nusu ya safari. Na kura za Magufuli za 2015 zina maelezo yaliyo karibu zaidi na ardhi kuliko damu: Chato ilikuwa na mtu wake, na kila jirani wa Chato alitarajia barabara, akiwa Msukuma, Mzinza, Msubi au Muha.

Majirani wa kusini wanaongeza ushahidi mwingine. Igunga, wilaya ya Wanyamwezi, Wasukuma na Wataturu katika mkoa wa Tabora, iliwakilishwa bungeni tangu miaka ya 1990 hadi 2011 na Rostam Aziz, mfanyabiashara ambaye familia yake ina asili ya Iran. Nchi ambayo mwaka 1958 ililazimishwa kumchagua Mwasia kwa nafasi iliyotengwa iliendelea kumchagua mtu wa asili hiyo kwa hiari yake, kijijini, bila kanuni yoyote ya kumlinda.

Kuna pia utafiti mmoja ambao ungestahili kujulikana zaidi huku kwetu. Mchumi Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili zinazofanana kijiografia, Busia ya Kenya na Meatu, iliyokuwa mkoani Shinyanga, akachapisha matokeo mwaka 2004. Busia, vijiji vyenye mchanganyiko wa makabila vilichangia shule na visima kidogo kuliko vijiji vya kabila moja. Meatu, mchanganyiko haukupunguza chochote. Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu walichangia dawati lilelile. Miguel alilitafuta jibu katika sera: Kiswahili mashuleni, mtaala wa taifa, kufutwa kwa utemi, serikali za vijiji. Meatu imefaidika na uamuzi wa kutohesabu.

Hadi hapo picha ni nzuri. Inaanza kuharibika kwenye mlango wa daftari.

Katiba inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Neno lenye uzito hapo ni raia, na magharibi ya ukanda wa dhahabu uraia ni jambo la kuthibitisha, wakati mwingine kwa lafudhi. Wasubi na Wahangaza wa Biharamulo na Ngara, pamoja na Waha wa Kigoma, wanazungumza lugha zilizo jirani sana na Kirundi na Kinyarwanda. Mipaka ilichorwa na wakoloni juu ya vichwa vyao. Muha aliyezaliwa Kasulu akifika Runzewe au Masumbwe kutafuta duara, anabeba shaka ambayo Mchaga mwenye duka pembeni yake habebi kabisa, ingawa wote wawili wametoka mbali na wote ni raia.

Shaka hiyo iligeuka kuwa operesheni mwaka 2013. Baada ya Rais Jakaya Kikwete kutoa agizo la wahamiaji haramu kuondoka, Operesheni Kimbunga iliendeshwa Kagera, Kigoma na Geita kuanzia Septemba. Maelfu waliondoka au kuondolewa kuelekea Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwamo watu walioishi Tanzania kwa miongo mingi, wenye wake au waume Watanzania na watoto waliozaliwa hapa. Vyombo vya habari na watetezi wa haki viliripoti pia raia waliokumbwa kwa makosa. Katika maeneo ambayo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa nadra, na ambako usajili wa watoto wadogo kwa wingi ulianza kushika kasi katika muongo uliopita tu, mtu mzima alithibitisha uraia wake kwa mdomo wa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akimkana, alikuwa amekwisha.

Serikali hiyohiyo ilifanya pia jambo la ukarimu ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya. Kuanzia 2007 ilipokea maombi ya uraia ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kukaa Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo, na kwa ujumla watu 162,156 wakapewa uraia. Vyeti viliporuhusiwa kutolewa mwaka 2014, kundi hilo liliingia kwenye uandikishaji wa 2015 likiwa na karatasi mkononi. Kwa hiyo mtu wa asili ya Burundi wa Ulyankulu alikuwa mpiga kura asiye na shaka, na Msubi wa Chato ambaye babu zake hawajawahi kuvuka mpaka alikuwa akitafuta wa kumtolea ushahidi. Kenya ilipitia jambo linalofanana: Wamakonde wa Kwale, walioingia nchini humo kufanya kazi za mashamba vizazi vilivyopita, walitembea hadi Nairobi 2016 kudai uraia, wakatambuliwa na kupewa vitambulisho kabla ya uchaguzi wa 2017. Kule walipewa namba ya kabila. Huku karatasi za uraia haziandiki kabila la mtu, ila wanaozikagua wanalijua.

Wenye vyeo nao wameonja. Hussein Bashe, Mtanzania wa asili ya Kisomali, jina lake liliondolewa na chama chake mwaka 2010 alipotaka ubunge wa Nzega, kwa madai kuhusu uraia wake. Serikali ilithibitisha baadaye kwamba ni raia, na 2015 Nzega Mjini ikamchagua. Aliendelea hadi kuwa waziri. Bashe alikuwa na nguvu ya kujibu. Mama ntilie wa Nyakagwe hana mtu wa kumjibia pingamizi likiwekwa dhidi ya jina lake.

Kuna mlango wa pili, makazi, na huu unawagusa watu wengi zaidi. Uboreshaji wa daftari uliozinduliwa Kigoma Julai 2024 ulizunguka nchi nzima kwa awamu, kila mkoa ukipewa siku saba hivi. Mwombaji alikaa mbele ya kamera, akatia sahihi, akabonyeza vidole kwenye mashine. Kwa watu wa mawe vidole vina taabu yake: miaka ya nyundo, maji na saruji hulainisha mistari ya ngozi, na mashine hukataa mara ya kwanza, ya pili, hadi mwandikishaji aombe kitambaa chenye unyevu. Aliyehama anatakiwa kuhamisha taarifa zake, vinginevyo jina lake linabaki kituo cha zamani. Mchimbaji aliyejiandikisha Rwamgasa akaitwa na rashi ya Mbogwe, siku ya kura anakuwa na kadi halali na kituo kilicho mbali na duara lake. Kadi yenyewe huwa nayo daima, kwa sababu kwa miaka mingi imekuwa kitambulisho cha mtu asiye na kingine, cha kufungulia akaunti na kuchukulia mkopo. Hapo ndipo hesabu ya walioandikishwa na hesabu ya wanaopiga kura zinapoachana katika kata za machimbo, bila kabila kuhusika.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, tofauti na daftari la Tume, inayoandikwa kitongojini na kusimamiwa chini ya TAMISEMI. Novemba 2024 orodha hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko wengi wa mijini wanavyofikiri. Mwenyekiti wa kitongoji cha machimbo ndiye anayeshuhudia fidia ya ardhi, anayegonga muhuri wa barua ya utambulisho, anayejua nani mkazi na nani mpita njia. Hapo ndipo maneno mzawa na mgeni yanapokata kama wembe. Madai ya ajira kwa wazawa kwenye migodi mikubwa, ambayo wanasiasa wa Geita na Kahama huyabeba bungeni, yana haki yake. Watu waliopoteza mashamba wanastahili kazi. Ila mzawa wa Geita ni nani? Mzinza ambaye mababu zake walimtii mtemi wao hapohapo? Mjukuu wa Msukuma aliyekuja na mpango wa 1947? Kijana wa Kiha aliyezaliwa Katoro mwaka 2005 na akapiga kura yake ya kwanza huko huko? Kwa sheria ya uchaguzi wote watatu ni sawa. Kwa orodha ya ajira hawako sawa, na mabishano ya orodha moja yana tabia ya kuvuja kwenye nyingine.

Zipo takwimu ambazo zingesaidia bila kuamsha hesabu ya makabila. Sensa huuliza mtu alizaliwa mkoa gani na anaishi wapi. Majibu hayo, yakishushwa hadi ngazi ya kata na kuwekwa kando ya daftari, yangeonyesha ni kata zipi za Geita na Shinyanga zina wakazi wengi wa umri wa kupiga kura waliozaliwa kwingine, na ni wangapi kati yao wameandikishwa pale wanapolala. Tume ingejua mahali pa kupeleka mashine siku za ziada. Vyama vingejua ni vitongoji vipi daftari linapowekwa wazi lihakikiwe kwa makini, kwa sababu katika siku hizo chache mtu yeyote aliyeandikishwa anaweza kuweka pingamizi dhidi ya jina la mwenzake, na mwenye jina hutakiwa afike ajieleze. Mwenye duara yuko chini ya ardhi wakati huo, au amehamia Nyang'hwale, na tangazo la pingamizi limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata aliyoiacha.